Hesabu mishuko: mwongozo kamili wa kupima na kutengeneza mtaa unaotembeka, kwa mitaa ya Tanga

Mtu anayetoka Makorora kwenda sokoni kwa miguu hashindwi na umbali. Anashindwa na vipande. Hatua ishirini anapita kwenye baraza safi, mara pikipiki tatu zimeegeshwa, anashuka barabarani. Anarudi juu, hatua kumi, mtaro hauna mfuniko, anashuka tena. Mbele kuna rundo la mchanga wa anayejenga, kisha ngazi ya duka lililoinuliwa ili maji yasiingie. Kijana atapita. Mama mwenye beseni kichwani na mtoto mkononi atapita kwa shida. Mzee mwenye mkongojo atakaa nyumbani, au atatoa nauli ya bodaboda kwa safari ya dakika saba.

Kwa hiyo kipimo kikuu cha mwongozo huu ni kimoja, nacho tunakiita mshuko: kila mara mwenda kwa miguu anapolazimika kuacha njia yake na kuingia wanakopita magari. Vipimo vingine vyote vinakuja kueleza kwa nini mshuko upo na namna ya kuuondoa.

Kwanza, elewa mchoro wa mtaa wako

Barabara za namba za Ngamiani zimenyooka, zinakatana kwa njia panda za karibu karibu, na nyumba nyingi zina baraza inayotazama njia. Mtu akikosa njia moja anachukua ya pili, na aliyekaa barazani anamwona kila apitaye. Mchoro huo ni mali kubwa, hata pale lami ilipochakaa. Mitaa mingi mipya ya pembezoni haina bahati hiyo: viwanja vikubwa, kuta ndefu, vichochoro vimezibwa, na jirani wa mgongoni anafikiwa kwa kuzunguka nusu kilomita.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, linapendekeza eneo la mji liwe na angalau kilomita 18 za barabara na njia kwa kila kilomita ya mraba, na karibu asilimia 30 ya ardhi iwe ya njia hizo. Kwa mtaa uliochorwa miraba, kilomita 18 maana yake ni kukuta njia panda kila baada ya mita 110 hivi. Ukitembea mita 250 kando ya ukuta bila pa kukatia, mtaa wako umeshapungukiwa, hata kama lami ni mpya.

Pima hivi. Chagua mahali ambapo watu huenda kila siku: shule, zahanati, soko, kituo cha daladala. Kwenye ramani ya simu, pima mstari ulionyooka kutoka nyumba moja hadi hapo. Kisha pima njia halisi anayopita mtu, na ugawe ya pili kwa ya kwanza. Jibu likiwa 1.3 au chini yake, mchoro ni mzuri. Likivuka 1.6, tatizo ni vichochoro, na hakuna mti wala taa itakayolitibu. Hapo kazi ya kwanza ni kutafuta kichochoro gani kilikuwepo kwenye ramani ya mipango miji na sasa kimejengewa. Ramani hiyo iko ofisi ya mipango miji ya halmashauri ya jiji. Omba kuiona kupitia mtendaji wa mtaa.

Vifaa na maandalizi

Unahitaji futi kamba ya mita 5, chaki, daftari, simu yenye kamera, na baiskeli. Tanga baiskeli hazitafutwi, na ndiyo chombo bora cha kupimia umbali. Funga kitambaa chekundu kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele, weka alama chini, sukuma baiskeli hadi kitambaa kirudi palepale, kisha pima umbali huo kwa futi kamba. Gurudumu la inchi 28 hutoa mita 2.2 hivi, kwa hiyo mita 400 ni mizunguko 182 au karibu yake. Tumia namba uliyoipata wewe, maana tairi lenye upepo mdogo hutoa namba pungufu. Sukuma baiskeli, usiipande. Ukiipanda inayumba na namba inaongezeka.

Chora duara la mita 400 kuzunguka mahali ulipochagua. Huo ni mwendo wa dakika tano hadi sita kwa mtu mzima. Chukua njia tatu zinazotumiwa zaidi ndani ya duara. Usichukue mtaa mzima kwa siku moja. Utachoka na utaanza kukisia.

Wapimaji wawe watatu au wanne, na mmoja wao awe mtu ambaye njia inamsumbua: mzee, mjamzito, anayetumia kiti cha magurudumu, au mama mwenye mzigo. Hili si la hiari. Vijana wanne wenye afya watakuletea daftari linaloonyesha mtaa mzuri.

Kutembea na kuandika

Pita kila njia mara tatu: saa 12 na nusu asubuhi watoto wakienda shule, saa 7 mchana jua likiwa kali, na saa 2 usiku. Ongeza safari ya nne mvua ikinyesha au mara tu ikikatika, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei huonyesha makosa ambayo kiangazi huyaficha.

Kila penye mshuko, weka alama ya chaki, piga picha, andika umbali kutoka mwanzo na sababu yake kwa neno moja: pikipiki, mtaro, ngazi, bidhaa, mchanga, nguzo, maji, gari. Ukimaliza, gawa idadi ya mishuko kwa urefu wa njia. Chini ya mshuko mmoja kwa kila mita 100, njia inapitika. Ikifika mitatu au minne, ujue watu wengi wameshaiacha na wanatembea moja kwa moja barabarani. Angalia nyayo na vumbi lilivyokanyagwa, utaona.

Pamoja na mishuko, pima mambo manne kila baada ya mita 50.

Upana ulio wazi ni nafasi inayobaki baada ya kutoa meza, nguzo na pikipiki. Mita 1.8 inatosha watu wawili wenye mizigo kupishana. Mita 1.5 ni ya kuvumilia. Mita 1.2 ikubalike tu kwa hatua mbili tatu, kama penye nguzo ya umeme. Inua na macho pia: kona za bati za vibanda, kamba za turubai na vibao vya matangazo viwe juu ya mita 2.2. Bati lililo kwenye kimo cha paji la uso halionekani usiku.

Kivuli: mita ngapi kati ya hizo 50 zina kivuli saa 7 mchana. Mwanga: unaweza kuitambua sura ya mtu aliye hatua kumi mbele? Na macho: hesabu milango, madirisha, fremu za maduka na mabaraza yanayotazama njia. Kipande cha mita 50 kisicho na hata kimoja ndicho ambacho wanawake watakuambia hawakipiti baada ya Isha. Waulize, kwa kawaida wanazijua sehemu hizo zote kabla hujafungua daftari.

Mitaro: hapa ndipo pa kuanzia

Kwa mitaa mingi ya pwani, mtaro usio na mfuniko ndio mshuko wa kwanza kwa wingi, na ndio ambao mtaa unaweza kuutibu wenyewe kwa idhini ya wenye barabara. Ila mifuniko mingi huharibika mapema, na sababu zinajulikana.

Chukua mtaro wenye upana wa sentimita 60. Mfuniko uwe na urefu wa sentimita 80 ili ulalie ukuta kwa sentimita 10 kila upande, upana sentimita 40, unene sentimita 10. Mfuniko huo una uzito wa karibu kilo 77. Ukiufanya mpana zaidi ya hapo unafika kilo mia na zaidi, hakuna atakayeunyanyua kuzibua, taka zitajaa, na maji yatapita juu ya njia uliyoitengeneza. Acha vishikio viwili vya nondo iliyokunjwa, vikae ndani ya vishimo vidogo visimkwaze mtu. Kila baada ya mifuniko mitano acha mmoja wenye matundu ili maji ya juu yaingie. Matundu yawe membamba, sentimita 2 hivi, gurudumu la kiti au ncha ya mkongojo isizame.

Nondo za milimita 10, nne kwa urefu, na za kukingama kila sentimita 15, zikae sehemu ya chini ya zege, sentimita 3 kutoka kwenye uso wa chini. Fundi asiyejua huziweka katikati au juu, na mfuniko hukatika mguu wa kwanza wa mtu mnene. Zege linabebeshwa mzigo kutoka juu, linavutika chini, na nondo lazima ziwe pale panapovutika. Pachika vipande vidogo vya zege chini ya nondo kabla ya kumwaga, usitegemee mkono.

Mchanganyiko ni karai moja ya saruji, mbili za mchanga, tatu za kokoto. Mfuko wa kilo 50 hutoa mifuniko minne. Maji yawe machache. Zege linalotiririka kama uji ni zege dhaifu. Na tafadhali, mchanga wa ufukweni usitumike kabisa. Chumvi yake hula nondo kutoka ndani, kutu inavimba, zege linapasuka na kumeguka. Hapa mjini hewa ya bahari peke yake inatosha kuleta kutu, tusiiongezee. Funika mifuniko kwa magunia, imwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na usiiweke njiani kabla ya siku 28.

Penye geti la gari mfuniko huo hautoshi. Hapo panatakiwa zege la sentimita 15 na nondo za milimita 12, na gharama ni ya mwenye geti. Kosa linaloonekana kila mahali ni kushusha njia ya miguu ili gari lipande kwa urahisi. Fanya kinyume: njia ya miguu iendelee usawa uleule, gari ndilo lipande na kushuka.

Ngazi za maduka

Kila mwenye fremu huinua baraza lake kwa kimo anachotaka, akikimbia maji. Matokeo yake ni ngazi za sentimita 30, kushuka na kupanda kila baada ya mita nne. Waiteni wenye fremu za upande mmoja, chukueni mpira wa maji wa fundi wa kupimia usawa, mkubaliane usawa mmoja kwa kipande kizima, kisha mwanzo na mwisho wa kipande wekeni mteremko. Mteremko wa kiti cha magurudumu ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Kimo cha sentimita 15 kinataka mteremko wa mita 1.8, cha sentimita 30 kinataka mita 3.6. Ule mfupi wa nusu mita unaojengwa kwa haraka ni hatari kuliko ngazi yenyewe.

Sakafu ya baraza isiwekwe vigae vya kung'aa. Vinapendeza siku ya kufungua duka, na mvua ya kwanza vinaangusha watu. Saruji iliyofagiwa kwa ufagio mgumu kabla haijakauka, mistari ikikatisha njia, inashika kandambili vizuri. Sakafu iinamie barabarani kwa sentimita 2 kila mita 1 ili maji yasitulie.

Kuvuka barabara

Hesabu ni hizi. Barabara ya upana wa mita 7, mtu mzima mwenye mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde huivuka kwa sekunde 6. Mzee wa mwendo wa mita 0.8 anahitaji sekunde 9. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha sehemu za makazi, hukata mita 14 kwa sekunde. Kwa hiyo mzee anahitaji kuona barabara tupu kwa karibu mita 125 kila upande. Simama penye kivuko, pima unaona mita ngapi. Kama kona au lori lililoegeshwa linakuachia mita 60, kivuko kile ni salama tu kwa magari yanayokwenda chini ya kilomita 25, rangi za pundamilia ziwe mpya vipi.

Dawa ziko tatu, na tunazipanga hivi kwa makusudi. Ya kwanza ni kuondoa kinachoziba: kijiwe cha bodaboda kisogee mita 10 kutoka kwenye kivuko na kwenye kona. Ni bure, na madereva wakishirikishwa tangu mwanzo hukubali. Ya pili ni kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2, kwa barabara pana ya kutosha. Mzee anavuka nusu ya mita 3.5 kwa sekunde 4 na kidogo, na sasa anahitaji kuona upande mmoja tu, mita 60 hivi. Ya tatu ni kivuko kilichoinuliwa sentimita 10, chenye bapa la juu la mita 3 hadi 4, kinachomlazimisha dereva apunguze mwendo. Sababu ya kupunguza mwendo ni rahisi: kwenye lami kavu, gari la kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 tangu dereva aone mtoto; la kilomita 50 huhitaji mita 28. Mvua ikinyesha, namba zote mbili zinapanda.

Msijenge tuta la udongo au mawe wenyewe usiku. Ni kosa kisheria. Tuta fupi la nusu mita hurusha gari la wagonjwa, huzuia maji, na bodaboda hulikwepa kwa kupita kwenye njia ya miguu, yaani linamrudisha mwenda kwa miguu palepale. Tuta sahihi lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 10 katikati, na linaacha upenyo wa maji kando.

Tazameni na kona. Kona iliyochongwa kwa duara kubwa huruhusu gari kukata bila kupunguza mwendo, na huongeza mita kadhaa za kuvuka. Mtaa wa makazi unatosha kona ya nusu kipenyo mita 3 au 4.

Kivuli

Tanga iko nyuzi 5 kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini, na ukuta hautoi kivuli chochote. Ni mti au paa tu. Zile veranda za maduka ya zamani katikati ya mji, zenye nguzo na paa lililotoka juu ya njia, zilijengwa kwa kulijua hilo. Anayejenga fremu mpya leo angeweza kuzifuata kwa kurefusha paa mita 2 tu.

Kwa barabara inayokwenda kaskazini hadi kusini, anza kupanda upande wa mashariki, kwa sababu ndio unaopigwa na jua la alasiri wakati watu wengi wanarudi nyumbani. Upande wa magharibi nyumba zenyewe zinaukinga. Kwa barabara inayokwenda mashariki hadi magharibi, panda pande zote mbili.

Mwarobaini ndio chaguo letu la kwanza: unavumilia ukame na chumvi, na ukikatwa matawi ya chini huacha kichwa kipite. Mkungu una kivuli kipana mno na unafaa uwanjani, lakini kando ya mtaro mizizi yake huinua sakafu na majani yake makubwa huziba maji. Mnazi haufai njiani: kivuli haba, na nazi huanguka. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, mita 1 kutoka mtaroni, nafasi mita 7 kati ya mti na mti. Panda masika yanapoanza. Miti mingi hufa kiangazi cha kwanza, si kwa wadudu bali kwa kukosa mwenyewe. Kila mti upewe nyumba au duka moja lenye jukumu la ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, na uzio dhidi ya mbuzi.

Mwanga

Taa za barabarani nyingi huangaza lami. Njia ya miguu inabaki gizani, hasa tawi likiwa chini ya taa. Kabla ya kuomba nguzo mpya, kateni matawi. Kisha fanyeni makubaliano ya taa za barazani: balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku hula uniti 3 na kidogo kwa mwezi. Nyumba kila baada ya mita 15 zikiwasha, mtaa mzima unaonekana.

Wauzaji

Kuwafukuza wauza mihogo, kahawa na madafu ni kosa kubwa. Wao ndio wanaofanya njia iwe na watu saa 3 usiku. Wanachohitaji ni mstari. Kama ukingo una mita 4, chora kwa rangi: mita 1.8 karibu na maduka ni ya kupita, iliyobaki upande wa barabara ni ya meza, miti, nguzo na baiskeli. Meza zikikaa upande wa duka na nyingine upande wa barabara, njia inakuwa nyoka na mishuko inarudi. Jiko la mkaa likae upande wa barabara daima, mbali na wapita njia.

Uwanja wa wazi

Uwanja mzuri hupimwa kwa njia za kuingilia. Uwe na milango kila upande unaopakana na njia, ili watu wakatishe ndani yake. Uwanja unaokatishwa hulindwa na wapitao. Kuzuia magari, weka nguzo fupi kwa nafasi ya mita 1.2: kiti cha magurudumu kinapita, bajaji haipiti. Mabaraza ya kukaa yawe na kimo cha sentimita 45, chini ya kivuli, yakitazama wanakopita watu, si ukuta. Na mpaka wa uwanja upimwe na uwekewe mawe ya mipaka kabla ya benchi la kwanza, kwa sababu uwanja usio na mpaka humegwa kidogo kidogo kwa fremu.

Kupeleka mahali panapohusika

Jueni barabara ni ya nani. TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania, husimamia barabara kuu na za mkoa. TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa 2017, husimamia za mijini na vijijini. Barua ikienda kusiko, itakaa. Ianzieni kwenye mkutano wa mtaa, ipite kwa mtendaji, kisha kamati ya maendeleo ya kata mbele ya diwani. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na mipango hukusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo hakikisheni daftari lenu limekamilika ifikapo Septemba. Kurasa mbili zinatosha: ramani yenye alama za mishuko, jedwali la sababu na idadi, picha sita, na orodha ya kazi mlizokwisha kuzifanya wenyewe. Ombeni kitu kimoja au viwili. Barua inayoomba kumi na viwili hupewa jibu la kwamba itafanyiwa kazi.

Baada ya kazi, rudieni kipimo kwa njia zilezile, saa zilezile, na yule yule mwenye mkongojo. Rudieni tena Juni, masika yakishapita: nyanyueni mfuniko mmoja kati ya kila mitano, tazameni tope limefika wapi, na kama limevuka theluthi ya kina cha mtaro, zibueni kabla ya vuli ya Oktoba.